Taa za Ngulia

Mwaka 1969 hoteli ya watalii ya Ngulia ilifunguliwa ukingoni mwa genge, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, Kenya. Taa kali ziliwekwa nje ili wageni waone ndovu na chui usiku. Vuli ilipoingia, taa hizo zikaanza kushukiwa na ndege wadogo kwa maelfu, waliotoka Ulaya na Asia.

Chanzo chake ni ukungu. Ndege hao husafiri usiku, na mwezi Novemba na Desemba mawingu ya mvua huinamia vilima vya Ngulia. Usiku wa giza, ndege waliozingirwa na ukungu hupotewa na kuufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, hupita juu bila mtu kujua.

Watafiti wa ndege Graeme Backhurst na David Pearson waliitumia nafasi hiyo. Kwa nyavu nyembamba waliwanasa ndege, wakawapima, wakawavisha mguuni pete yenye namba ili kufuatilia safari zao, na kuwaachia. Kazi ikaendelea kwa miongo, na wajuzi wengine wakajiunga, hata ndege laki kadhaa wakavishwa pete.

Anayenaswa kwa wingi kuliko wote ni yule ambaye wanasayansi humwita Acrocephalus palustris: rangi ya kahawia, uzito wa gramu 12 hivi. Huzaliana Ulaya, hushuka hadi Sudan na Ethiopia mwezi Agosti na Septemba, hutua huko wiki nyingi, kisha hupitia Tsavo kuelekea kusini mwa Afrika. Ulaya hukaa miezi mitatu hivi tu. Kumwita ndege wa Ulaya ni kumpunja.

Wimbo wake unathibitisha hilo. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewachunguza ndege hawa Ubelgiji, alionyesha kuwa madume huiga sauti za spishi 212, na 113 kati yake ni za Afrika. Dume mmoja huiga spishi 76 kwa wastani. Makinda yanapoanguliwa, baba huwa ameshaacha kuimba, hivyo kijana hukusanya sauti za majirani na za ndege anaowakuta safarini katika mwaka wake wa kwanza.

Miongoni mwa sauti hizo imo ya ndege mdogo wa nyasi anayepatikana hasa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Hivyo mtaalamu aliyesimama kando ya vichaka vya Ubelgiji aliweza kuitambua njia ya msafiri huyu kwa masikio, hata pale ambapo hapakuwa na pete ya kusoma.