Samaki wa chini kwenye tangi: nani wa kuchanganya, nani akae peke yake

Umenunua tangi, umeweka gapi watano, halafu muuzaji anakwambia: "Chukua na huyu wa kusafisha chini." Miezi michache baadaye gapi wamechanika mapezi, mmoja amejibanza nyuma ya filta hataki kutoka, na yule msafishaji ndiye bosi wa nyumba.

Wengi hudhani samaki yeyote anayekaa chini ni mpole. Wapo wapole kweli, lakini wapo pia wanaolinda eneo lao mpaka wanaua. Soma hii kabla hujatoa pesa.

Wanagombania nini?

Samaki wa katikati ya maji hupita tu. Wa chini anataka pango, kivuli na chakula kinachoanguka. Akishajimilikisha sehemu, kila anayesogea anafukuzwa, hasa anayefanana naye kwa umbo au rangi, kwa sababu huyo ndiye anayemwona mpinzani.

Ndiyo maana kuhesabu lita peke yake hakutoshi. Tangi la urefu wa sm 60, upana sm 30 na kimo sm 30 linabeba lita 54. Ukiongeza kimo kiwe sm 45, unapata lita 81, lakini sakafu ni ile ile. Kwa samaki wa chini, tangi refu la kulala ni bora kuliko la kusimama.

Wapole: hawa changanya

*Corydoras.* Ni kambale wadogo kutoka Amerika Kusini. Hawana ugomvi, ila wanaishi kwa kundi, hivyo weka 6 au zaidi wa aina moja. Waweke kwenye mchanga laini, maana changarawe kali huwaharibu sharubu wanazotumia kutafutia chakula. Ukiwaona wanapanda juu kuvuta hewa mara moja moja usishtuke, ndivyo walivyo.

*Pangio.* Wembamba kama mkunga mdogo, wana mistari na wanapenda kujificha mchana. Nao wanataka wenzao.

Wababe: hapa kuwa makini

*"Papa" mkia mwekundu (Epalzeorhynchos bicolor).* Siyo papa hata kidogo, asili yake ni mito ya Thailand. Dukani ni mdogo na anavutia, lakini akikua anafika sm 12 hivi na anafukuza kila anayemkaribia. Mmoja tu kwa tangi, lenye urefu wa mita moja au zaidi. Ukiweka wawili, mnyonge hatapumua.

*Gyrinocheilus.* Huyu ndiye anayeuzwa sana kama mla ukijani. Akiwa mdogo kweli anakula ukijani. Akikua anaweza kupita sm 20, anakuwa mkorofi, na wengine hujibandika ubavuni mwa samaki wenye mwili bapa na kuwanyonya ute wa ngozi. Ute huo ndio kinga yao, ukiondoka magonjwa yanaingia.

*Pleko wa kawaida.* Hana makuu akiwa mdogo, lakini anazidi sm 30. Wawili kwenye pango moja ni vita.

*Kambale wa kienyeji.* Kuna wanaookota vifaranga mtoni au kununua bwawani na kuwatia kwenye tangi la mapambo. Usijaribu. Huyu anaweza kuzidi mita moja na anakula samaki wenzake, tena usiku wewe umelala.

Na wa Ziwa Tanganyika?

Wapo wanaosifika duniani kote. *Neolamprologus multifasciatus*, ndugu wa mbali wa sato, hafiki hata sm 5 lakini anaishi ndani ya kombe tupu la konokono na analilinda kwa nguvu. Ukiingiza mkono kusafisha, anaugonga. Anafaa kuwa na tangi la aina yake, lenye mchanga na makombe mengi kuliko samaki.

*Synodontis petricola*, wa jamii ya gogogo, ni mtulivu zaidi na anapenda kundi. Nduguye *Synodontis multipunctatus* hupenyeza mayai yake kwa samaki wanaolea mayai mdomoni, na vifaranga wake huwala wa mwenyeji. Kama unazalisha, usiwaweke pamoja.

Kumbuka pia maji. Samaki wa Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH ya juu, wakati Corydoras wengi wanapenda laini. Hata wakielewana tabia, mmoja wao atateseka.

Dalili za uonevu

- Mapezi yaliyochanika au magamba yaliyong'oka.
- Samaki wa chini anayekaa juu ya maji au kona moja siku nzima.
- Anayekonda wakati wengine wananenepa. Mara nyingi anafukuzwa kwenye chakula.

Ufanye nini?

1. Ongeza maficho yawe mengi kuliko samaki wa chini ulionao. Vipande vya chungu na mawe vinatosha, ila hakikisha haviporomoki.
2. Panga upya mawe na mimea siku unayoingiza mgeni. Mwenyeji anapoteza mipaka yake, wote wanaanza upya.
3. Lisha tembe zinazozama, sehemu mbili tofauti, baada ya kuzima taa.
4. Vurugu zikiendelea, mtoe mbabe. Ukimtoa mnyonge peke yake, mbabe anatafuta mwingine wa kumwonea.

Dukani, muulize muuzaji jina kamili la samaki na ukubwa wake akikomaa. Akikujibu "haya hayakui", tafuta duka lingine. Na samaki aliyekushinda usimwage mtoni wala ziwani. Mgeni asiye na adui huko anaweza kuwamaliza wenyeji. Mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa.