Mtepe Unataka Chumba cha Ukubwa Gani?

Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate zilizojengwa karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kina ukuta uliojaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu na kutiwa nakshi. Humo ziliwekwa bakuli na sahani za kaure kutoka China, vitabu, na vitu vingine vya thamani vya nyumba. Kidaka kimoja kinatosha bakuli. Hakitoshi jahazi, hata la mfano, isipokuwa liwe dogo kama kiatu cha mtoto. Jambo hili limenishangaza tangu nianze kusoma historia ya pwani. Watu walioishi kwa bahari walijenga mahali maalumu pa kuonyesha vitu vilivyoletwa na chombo, lakini chombo chenyewe hawakukitengea nafasi ndani ya nyumba.

Walipotaka kukiona ukutani walikikwaruza. Michoro ya vyombo iliyochongwa kwenye lipu imeonekana Kilwa na katika magofu mengine ya pwani, na mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha makala juu yake. Mchoro hauchukui meza, haukusanyi vumbi, na mwenye nyumba akihama unabaki hapo hapo. Kwa anayetafuta nafasi, hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Kwa anayetaka kujua ubao ulishikana vipi na ubao, haimfai sana, maana mchoro unaonyesha tanga na mlingoti lakini hauonyeshi mshono.

Insha hii inahusu mshono huo, pamoja na swali ambalo kila anayeunda modeli kubwa katika nyumba za Al Wukair analijua vizuri: ikimalizika, itakaa wapi?

Tuanze na vyumba vyenyewe. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu lakini vyembamba, na sababu yake si umaskini. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nene na iliyonyooka haipatikani ndefu kupita kiasi, kwa hiyo upana wa chumba ukawa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kadiri mti ulivyoruhusu. Boriti hizo hizo zilikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Ghuba kwa pepo za kusi. Kule miti mirefu ya kujengea ni adimu, hivyo nyumba za Doha na Al Wakrah nazo zilipimwa kwa boriti ya Afrika Mashariki, ambayo watu wa Qatar wanaiita danchal. Mtu wa Lamu akiingia katika nyumba ya zamani ya Al Wakrah na kutazama juu, atajiona yuko kwao. Biashara hiyo iliendelea mpaka saruji na chuma vikaishinda, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi.

Majahazi hayakubeba miti tu. Watu waliotekwa Afrika Mashariki nao walipelekwa Ghuba, na baadhi yao walifanyishwa kazi kwenye vyombo vya kuzamia lulu. Historia hiyo inaelezwa waziwazi hapa Doha katika Nyumba ya Bin Jelmood, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2015. Sioni vipi naweza kuandika juu ya uzuri wa majahazi bila kulitaja hilo.

Al Wukair iko kusini mwa Doha, bara kidogo kutoka Al Wakrah. Leo ni mitaa ya nyumba za kupanga, zinazofanana ukuta kwa ukuta, zilizojaa familia kutoka kila nchi, zetu zikiwemo. Vyumba vyake ni vipana kuliko vya Lamu, kwa sababu zege halijali urefu wa mkoko. Hata hivyo nafasi ni ya kuazima. Mkataba ni wa mwaka, kazi ya baba ikiisha na kibali cha kukaa kinaisha, na kila kitu ndani ya nyumba kinatazamwa kwa jicho la siku ya kuhama: hiki kitaingia kwenye begi, hiki kitauzwa, hiki kitaachwa. Mjomba wangu ana seti ya HMS Victory ya kampuni ya Heller, skeli ya 1:100. Ikiundwa itakaribia urefu wa mita moja, na iko chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, kwa miaka mingi sasa. Ukimuuliza anaanza lini, anajibu, “Siku nikipata nyumba yangu, mwanangu.” Stoo ya juu ya paa haifai, kwa kuwa joto la Julai likipita nyuzi 45 nje, ndani ya kichumba cha bati plastiki inapinda na gundi inalegea. Sebuleni mama ana kabati la vyombo vya wageni na hana mpango wa kulihamisha. Namwelewa. Kabati lile ndilo zidaka zetu.

Mjomba anapenda meli ya Nelson kwa sababu seti yake inauzwa dukani. Sijawahi kuona seti ya mtepe ikiuzwa popote. Na mtepe ndio chombo kinachohitaji modeli kuliko vyote, kwa kuwa wenyewe haupo tena.

Mtepe ulikuwa chombo cha pwani ya kaskazini, hasa visiwa vya Lamu na Wabajuni. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne, tofauti na tanga la jahazi lenye pembe tatu. Omo lake lilinyooka mbele kama shingo, na mwishoni palikuwa na mfano wa kichwa ambacho wengine walisema ni cha ngamia wa Mtume. Mbao zake hazikupigwa misumari ya chuma. Zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa. Ufundi huu ni wa kale sana: Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kuhusu safari za bahari hii, kinataja mashua za kushonwa katika pwani yetu, na Wareno walipofika mwishoni mwa karne ya 15 walivikuta vyombo vya namna hiyo. Lakini James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, alikuwa anaandika juu ya kitu kilichokwisha kutoweka baharini. A.H.J. Prins, Mholanzi aliyeandika sana juu ya mabaharia wa Lamu, alirudi kwenye mtepe mwaka 1982. Watafiti wa wakati huo walikuwa na picha chache, maelezo ya waliouona, na modeli.

Hapo ndipo suala la nafasi linapogeuka kuwa suala la historia. Kitu kilichobaki ni kile kilichopata pa kukaa, na kilichopata pa kukaa kwa kawaida ni kidogo. Makumbusho ya Lamu, katika lile jumba la ufukweni walimokaa zamani maofisa wa Kiingereza, yana modeli za vyombo vya pwani, mtepe ukiwemo. Ufaransa walianza kukusanya modeli za meli mapema zaidi: mwaka 1748 Duhamel du Monceau alimpa Mfalme Louis wa 15 mkusanyiko wake, nao ukawekwa Louvre, yaani katika kasri. Karne iliyofuata Admirali Pâris alichora vyombo vya watu wa nje ya Ulaya, vya Masqat vikiwemo, kisha akasimamia makumbusho hayo ya bahari na kuagiza modeli zake ziundwe. Aliyekuwa na kasri aliweza kuhifadhi hata vyombo vya wengine.

Sasa hesabu kidogo, na wenzangu wa fani ya historia wanisamehe. Tuchukue mtepe wa mita 20. Kwa skeli ya 1:100 modeli ni sentimita 20, na inaweza kukaa hata katika kidaka kipana. Kwa 1:24 ni sentimita 83, na tayari imekuwa mgogoro wa sebuleni. Kwa 1:12 ni mita 1.67, urefu wa mtu mzima aliyelala, na hapo sijahesabu upana wala mlingoti. Kwa nini basi mtu asichague ndogo? Kwa sababu ya tundu. Tundu la mshono lenye upana wa sentimita 1.5 linakuwa milimita 0.15 kwa skeli ya 1:100. Hakuna kamba ya nazi itakayopita hapo. Fundi atalazimika kuchora mshono kwa kalamu au kuubandika juu kama urembo, na modeli itakuwa na umbo la mtepe bila kuwa na kilichoufanya uwe mtepe. Kwa 1:12 tundu ni milimita 1.25, sindano na uzi vinapita, na mkono unaanza kujifunza kitu: kamba inaanzia wapi, inavuka vipi, inakazwa na nani upande wa pili. Meli ya misumari inaweza kupunguzwa sana ukabaki na picha yake nzuri. Chombo cha kushonwa kikipunguzwa hivyo kinapoteza siri yake.

Zanzibar waliamua kutopunguza kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Profesa Abdul Sheriff alipokuwa akisimamia makumbusho ya Zanzibar, mtepe wa ukubwa halisi uliundwa ukawekwa Beit al-Ajaib, katika ukumbi wa katikati ulio wazi hadi juu. Nafasi ile haikujengwa kwa ajili ya chombo. Sultan Barghash alijenga jumba lile mwaka 1883 kwa sherehe na fahari, likawa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na nguzo zake za chuma zilikusudiwa kumshangaza mgeni. Miaka mia na zaidi baadaye ndipo ikaonekana kwamba ukumbi wa sultani unatosha chombo cha Wabajuni. Napenda sana mgeuko huo. Aliyekuwa akipita Forodhani aliweza kuingia, kusimama chini ya ubavu wa mtepe na kutazama mshono kwa ukubwa wake.

Tarehe 25 Desemba 2020, jumba hilo, ambalo tayari lilikuwa limefungwa na likifanyiwa ukarabati, liliporomoka upande unaotazama bahari, pamoja na mnara wa saa. Wafanyakazi wawili walifariki. Mbele ya vifo hivyo kuongelea modeli kunaonekana kitu kidogo, na ni kidogo kweli. Lakini kwa makumbusho tatizo ni lile lile la chini ya kitanda cha mjomba, kwa ukubwa wa nchi: modeli ndogo inafungwa kwa kitambaa na kubebwa kwapani hadi jumba jingine, na chombo cha mita nyingi hakina jumba jingine la kwenda.

Nchi za Ghuba zimejaribu njia nyingine, na si zote zinanivutia. Sohar, jahazi la kushonwa lililoundwa Sur, Oman, ambalo Tim Severin aliliendesha kutoka Masqat hadi China kati ya 1980 na 1981, sasa limesimama katikati ya mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan, Masqat. Limepata nafasi, ila jua linalitafuna na watu wanalitazama wakiwa ndani ya magari. Jewel of Muscat, chombo kingine cha kushonwa kilichosafiri mwaka 2010, kilipewa na Oman kwa Singapore na kikapata ukumbi huko. Doha ilipofungua makumbusho yake ya taifa mwaka 1975, majahazi yaliwekwa majini katika kidimbwi kilichochimbwa kando ya jumba. Hiyo naiona bora, kwa kuwa mbao za chombo zimezoea maji kuliko kiyoyozi. Na karibu nasi kabisa, Al Wakrah, uko uwanja wa Al Janoub uliofunguliwa mwaka 2019, ambao Zaha Hadid aliuchora kwa kufuata majahazi. Watu 40,000 wanaingia ndani yake. Ni modeli kubwa kuliko zote nilizozitaja, na haina mshono hata mmoja.

Kuna njia moja zaidi, ambayo makumbusho ya bahari huitumia na ambayo naona inatufaa sisi wapangaji: kuacha chombo kizima na kuunda kipande tu. Chukua mbao tatu za ubavu, urefu wa mita moja na nusu ya chombo halisi, uziunde kwa skeli ya 1:3. Unapata kipande cha sentimita 50, chepesi, kinachoingia kwenye begi la ndege, na tundu lake ni milimita 5, la kutosha kupitisha kamba halisi ya makumbi iliyosokotwa nyembamba. Hakina tanga wala kichwa cha ngamia. Mgeni asiyejua atadhani ni ubao wa kukatia mboga. Kamba mtu anaweza kuletewa kutoka Lamu, mbao zinapatikana kwa maseremala wa eneo la viwanda la Doha, na wanachama watano wakishirikiana wanaweza kushona kipande kimoja katika likizo ya Desemba, kila tamasha la majahazi linapofanyika Katara au karibu na wakati huo. Mafundi kutoka Zanzibar wamewahi kushiriki tamasha hilo, na swali la kwanza la kuwauliza ni kama mshono unaanzia juu au chini.

Mjomba ameambiwa. Anasema sentimita 50 zitakaa juu ya friji.