Mzigo Uliopita Kwihara

Mazungumzo yetu ni juu ya elimu ya mwili wa mwanadamu, yaani jinsi viungo vyake vilivyowekwa na jinsi kila kimoja kinavyofanya kazi yake. Wako wengi wanaodhani ya kuwa elimu hii ni ya vitabuni tu, au ya hospitali kubwa za Ulaya. Walakini fundisho moja kubwa la elimu hii lilipita katika nchi yetu kwa miguu, juu ya mabega ya wapagazi, na katika mwezi wa Oktoba 1873 lilitua Kwihara. Nitaieleza habari hiyo kwa maswali manne, kama mwalimu anavyowauliza wanafunzi wake.

Kwihara ni mahali palipo maili chache kutoka Tabora, katika Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika huko, kisha ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji penye ziwa la Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nguo, shanga na baruti zilipanda bara. Pembe za ndovu zikashuka pwani, na pamoja nazo, kwa huzuni, watu waliotekwa utumwani. Katika tembe moja la Kwihara walifikia Henry Morton Stanley na Daktari David Livingstone, mwezi wa Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley akashuka pwani mwezi wa Machi. Livingstone akabaki akingoja watu wa kumchukulia mizigo. Walipowasili, akaondoka nao tarehe 25 Agosti 1872 kwenda kusini, kutafuta chemchemi za mto Nili.

Hakurudi hai. Alikuwa mgonjwa wa tumbo, akitokwa na damu kwa muda mrefu, na sanduku lake la dawa lilikwisha kuibiwa zamani, Januari 1867. Mwanzo wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Basi hapo watu wake, wapata sitini, waliingia katika shauri zito. Wakuu wao walikuwa Susi na Chuma, waliomtumikia miaka mingi. Ingekuwa rahisi kumzika palepale na kurudi pwani na habari. Lakini habari peke yake ingesadikiwa na nani? Mwaka 1866 mtu mmoja jina lake Musa, wa Nzwani katika visiwa vya Ngazija, alimtoroka Livingstone na wenzake, akafika Unguja akatangaza ya kuwa bwana wao ameuawa. Mwaka uliofuata Waingereza wakapeleka msafara kuchungua, wakaona ya kuwa maneno yale ni uongo mtupu. Tangu siku ile neno la mpagazi juu ya kifo cha Livingstone lilikuwa limepoteza thamani. Ilipasa mwili wenyewe utoe ushahidi, nao ulikuwa mbali na bahari kwa mwendo wa miezi mingi.

Swali la kwanza ndilo hili: kwa nini maiti huoza, na yaweza kuzuiliwaje? Ndani ya matumbo ya kila mtu aliye hai hukaa vijidudu vingi visivyohesabika. Maadamu mtu anaishi, ngozi laini ya matumbo na damu yake huvizuia visivuke mipaka yao. Na wengi wa vijidudu hivyo humfaa, maana husaidia kusaga chakula. Akifa, ulinzi ule hukoma. Vijidudu hula matumbo yenyewe, kisha huenea kwa njia ya mishipa ya damu mwili mzima. Kwa hiyo kuoza huanza tumboni. Tena vijidudu havizaani pasipo maji, na zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wetu ni maji. Anayetaka kuzuia kuoza hana budi kufanya mambo mawili: kuondoa matumbo na kuondoa maji.

Hayo ndiyo waliyoyafanya watu wa Chitambo. Katika msafara alikuwamo Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja huko Unguja, akapata kuona jinsi maiti inavyopasuliwa na kuchunguzwa. Farijala akapasua mahali padogo, akatoa moyo, mapafu na matumbo, vikatiwa katika sanduku la bati na kuzikwa chini ya mti mkubwa. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik katika Bara Hindi, akasoma maombi ya maziko. Kisha wakatia chumvi ndani ya mwili, wakauanika juani siku kumi na nne, wakiugeuza kila siku. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama, na jua huyachukua. Mvuvi wa pwani atengenezaye ng'onda ajua jambo hili, na Wavinza walioleta chumvi yao Unyanyembe walilijua vilevile. Mwili ulipokauka wakaukunja miguu, wakauvika nguo, wakautia ndani ya gome la mti kama ndani ya mzinga, wakaushonea turubai na kuufunga juu ya mti wa kuchukulia.

Swali la pili: je, Farijala aliona nini? Hili ni swali kubwa, maana kupasua peke yake si elimu. Elimu ni kutazama na kukumbuka. Alikuta upande wa kushoto wa tumbo pande la damu iliyoganda, ukubwa wake kama kiganja cha mtu, na mapafu yamekauka yakiwa na mabaka meusi na meupe. Mambo hayo yalihifadhiwa vichwani mwao kwa mwendo wa miezi tisa, yakaandikwa yalipofika Uingereza. Damu iliyo katika mishipa ya mtu mwenye afya hutiririka, haigandi. Huganda itokapo mahali pake, kama vile kidole kikatwapo, ili kuziba jeraha. Pande kubwa namna ile, likikutwa tumboni, ni dalili ya kuwa damu ilikuwa imevuja kwa wingi ndani kwa ndani, na mtu atokwaye na damu siku baada ya siku hudhoofika, kwa sababu damu ndiyo ichukuayo hewa safi kutoka mapafuni hata viungo vyote. Ndivyo ilivyo habari ya siku za mwisho za Livingstone, alipokuwa hawezi kutembea, akachukuliwa kwa machela.

Msafara ukazunguka upande wa magharibi wa ziwa Bangweulu, ukavuka mto Luapula, ukapita kusini ya Tanganyika, hata Oktoba 1873 ukaingia Kwihara. Huko wakawakuta Waingereza watatu waliotumwa kumtafuta na kumsaidia Livingstone: Verney Lovett Cameron, Daktari Dillon na Cecil Murphy. Wote walikuwa hoi kwa homa. Cameron aliumwa macho sana, na Dillon alikuwa karibu kupofuka.

Hapo laja swali la tatu: ni kitu gani kilichowaangusha watu hawa, wenye dawa na wenye nguvu? Wakati ule wataalamu walidhani ya kuwa homa yatoka katika hewa mbaya ya mabwawa; na jina malaria, katika lugha ya Kiitalia, maana yake ni hewa mbaya. Mwaka 1880 Mfaransa Laveran, huko Algeria, aliona kijidudu cha homa ndani ya damu. Mwaka 1897 Ronald Ross, katika Bara Hindi, akakikuta ndani ya mbu. Mbu jike anapomwuma mtu humtia vijidudu vile, navyo hukimbilia ini, huzaana huko kwa siku kadha, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzila. Chembe nyingi zipasukapo kwa wakati mmoja, ndipo mgonjwa hutetemeka kwa baridi, akawaka moto, akatoka jasho. Wengu, ambao kazi yake mojawapo ni kuchuja damu, huvimba kwa kuzidiwa na kazi. Kwinini iliwasaidia wasafiri wengi, maana huua vijidudu ndani ya damu. Lakini haikuwazuia mbu wasiume tena usiku uliofuata, wala hakuna aliyejua ya kuwa chandarua ni ngao.

Cameron, katika hali ile ya ugonjwa, aliwashauri Susi na Chuma wauzike mwili Kwihara. Alikuwa na sababu: njia ilikuwa ya hatari, na wenyeji wengi hawakupenda maiti ipite katika nchi yao. Tena alikuwa mzungu na ofisa, nao ni wapagazi na watumishi. Wakamsikiliza kwa adabu, wakakataa. Wakapumzika, wakajitwika mzigo wao, wakaondoka pamoja na Murphy na Dillon. Cameron akaendelea na safari yake, akakata bara zima hata bahari ya magharibi mwaka 1875. Dillon hakufika mbali. Mwezi wa Novemba, penye Kasekera, homa na mateso vikamshinda akili, akajiua. Palepale Kasekera wenyeji wakazuia maiti isipite. Basi wapagazi wakafunga mabua kwa nguo, mfano wa maiti, wakatuma watu kuurudisha mfano ule kama waendao kuuzika Unyanyembe. Na mwili wenyewe wakaukunja upya, ukafanana na robota la nguo. Hivyo ulipita. Februari 1874 ukafika Bagamoyo, ukapokewa katika misheni ya mapadre.

Mwili ulipofika London mwezi wa Aprili, uso haukujulikana tena. Hapo ndipo lilipoulizwa swali la nne: kitu gani kinachomtambulisha mtu, uso ukiisha potea? Jibu lilitoka katika mfupa. Mwaka 1844, huko Mabotsa katika Afrika ya Kusini, simba alimrukia Livingstone, akauvunjavunja mfupa wa mkono wa kushoto, ule ulio kati ya bega na kiwiko. Mfupa ni kitu hai, damu hupita ndani yake. Ukivunjika, damu humwagika kati ya ncha mbili na kuganda. Baadaye huota gegedu, laini kama ile ya sikio. Kisha chokaa iliyomo katika damu huigeuza gegedu ile kuwa mfupa mpya. Lakini ncha zisipokutana sawasawa, au zikitikisika, au jeraha likiingiwa na uchafu, haziungani. Huota nyama ngumu kati yao, na mkono hupinda mahali pasipo kiungo. Kwa hiyo mafundi wetu wa mifupa hufunga gango, wakamkataza mgonjwa kuutikisa mkono. Na neno lenyewe kuganga lina maana ya kufunga pamoja kilichovunjika. Mfupa wa Livingstone haukuungana vema, ukawa na kiungo cha uongo. Sir William Fergusson, mpasuaji mashuhuri, alipoupapasa mkono wa maiti akakikuta kiungo kile pale kilipopasa kuwapo. Shaka ikakoma. Tarehe 18 Aprili 1874 mwili ukazikwa katika Westminster Abbey.

Sasa tupime. Wenye elimu wa London walisema neno la mwisho, lakini mfupa ule ulifika kwao kwa sababu Farijala alijua matumbo huoza kwanza, na kwa sababu Susi na Chuma walikataa shauri la Kwihara. Kama wangalikubali, mkono ule ungalizikwa Unyanyembe, na watu wangebaki kubishana. Walipofika pwani, wapagazi walilipwa mishahara yao wakaambiwa waende zao. Siku ya maziko alikuwapo mmoja tu miongoni mwao, Jacob Wainwright. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye mwaka uleule, wakasaidia kutengeneza kitabu cha habari za safari ya mwisho. Nishani zilipigwa kwa ajili ya wenzao, lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; waliousoma katika magazeti hawakuuona uzito wake.

Walimu na wasikilizaji wanaokutana kuzungumza waweza kuulizana haya. Matumbo yana kazi gani mtu akiwa hai, na kwa nini ndiyo ya kwanza kuharibika? Chumvi yazuiaje kuoza? Wengu wa mwenye homa huvimba kwa sababu gani? Mtu avunjikapo mkono, afanyiwe nini kabla ya kufikishwa kwa daktari? Na la mwisho, ambalo halimo katika vitabu vya utabibu: mtumishi wa Unguja aliyesimama kando ya meza ya bwana wake akitazama kwa makini, alikuwa mtumishi tu, au alikuwa mwanafunzi?