Fahamu Uhai na Uimara wa Diski za SSD: Chombo cha Kazi, si Ghala la Kumbukumbu

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Kompyuta nyingi zinazonunuliwa leo kwa ajili ya ofisi za vijiji, shule, zahanati na vyama vya msingi vya ushirika huja na diski ya SSD badala ya diski ngumu ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Mabadiliko hayo yameziwezesha kompyuta kuwaka upesi na kufanya kazi kwa wepesi. Hata hivyo, yameleta swali ambalo watumishi na wananchi wengi hujiuliza: diski hii itadumu kwa muda gani, na je, kumbukumbu zilizomo zitapatikana siku zitakapohitajika?

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Tabora, ambako Chuo cha Uhazili, ambacho sasa ni Kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kimewaandaa makatibu muhtasi na watunza kumbukumbu kwa miaka mingi. Jibu lake ni kwamba diski ya SSD inayotumika kila siku hudumu kuliko wengi wanavyodhani, lakini haifai kufungiwa kabatini kwa miaka kama jalada la karatasi. Makala haya yanaeleza sababu zake na hatua za kuchukua.

Namna SSD inavyohifadhi taarifa

Ndani ya SSD hakuna kitu kinachozunguka. Mna vipande vya kumbukumbu ya aina ya flashi, teknolojia iliyobuniwa miaka ya 1980 na mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani. Kila kipande kina mabilioni ya seli ndogo mno. Kila seli hutunza taarifa kwa kunasa chaji ya umeme nyuma ya ukuta mwembamba usiopitisha umeme, na kompyuta husoma taarifa kwa kupima kiasi cha chaji hiyo.

Ukuta huo ndio unaoweka ukomo wa uhai wa SSD. Kila seli inapofutwa na kuandikwa upya, chaji hulazimishwa kupenya ukuta, nao huchakaa kidogo. Kusoma taarifa hakuleti uchakavu wa namna hiyo. Seli inayobeba biti moja huweza kuhimili takriban mizunguko 100,000 ya kufuta na kuandika. Ile ya biti tatu, inayopatikana sana madukani, huhimili kati ya mizunguko 1,000 na 3,000 hivi, na ya biti nne kwa kawaida huhimili pungufu ya hapo. Kadiri seli inavyobebeshwa biti nyingi, ndivyo bei ya diski inavyoshuka na ndivyo ustahimilivu wake unavyopungua.

Ili seli chache zisichakae mapema, SSD ina kidhibiti kinachogawa kazi ya kuandikwa kwa seli zote kwa usawa. Aidha, diski hutengenezwa ikiwa na seli za akiba zinazochukua nafasi ya zile zilizochoka.

Hesabu ya uhai

Watengenezaji hutaja kiwango cha uhai wa SSD kwa kifupi cha TBW, yaani jumla ya terabaiti zinazoweza kuandikwa katika kipindi cha dhamana. Kwa mfano, diski ya Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 ina kiwango cha terabaiti 300, na dhamana yake ni miaka 5 au kufikiwa kwa kiwango hicho, lolote litakalotangulia.

Tuchukue ofisi inayoandika gigabaiti 20 kwa siku, kiasi ambacho ni kikubwa kwa kazi za barua, taarifa na majedwali ya hesabu. Kwa mwaka mzima ofisi hiyo itaandika terabaiti 7.3. Kwa hesabu hiyo, terabaiti 300 zitamalizika baada ya takriban miaka 41, muda mrefu kuliko uhai wa kompyuta yenyewe.

Hali ni tofauti kwa kazi za kuandika mfululizo. Kamera 8 za usalama, kila moja ikirekodi kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde saa zote, huandika takriban gigabaiti 345 kwa siku, sawa na terabaiti 126 kwa mwaka. Diski hiyo hiyo itafikia kiwango chake katika muda usiozidi miaka miwili na nusu. Hivyo basi, diski inayofaa kwa mhasibu si lazima ifae kwa mitambo ya ulinzi.

Kiwango cha TBW si siku ya kifo cha diski. Kati ya mwaka 2013 na 2015, jarida la mtandaoni la The Tech Report la Marekani liliandika taarifa mfululizo katika diski 6 za SSD hadi zikafa. Zote zilipita terabaiti 700, na zilizodumu zaidi zilipita petabaiti 2, yaani terabaiti 2,000.

Mwisho usiopiga hodi

Jaribio hilo lilitoa pia onyo. Mojawapo ya diski hizo, ilipofikia mwisho wake, ilijifunga isiandikwe tena. Baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa upya, haikusomeka kabisa. Diski ya zamani mara nyingi hukwaruza au kugonga kabla ya kufa, na mwenye nayo hupata nafasi ya kuokoa mali yake. SSD haina sauti, na huweza kukoma ghafla.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na kampuni ya Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka 6 kuhusu SSD zilizotumika katika vituo vya data vya kampuni hiyo. Walibaini kwamba diski za SSD hubadilishwa mara chache kuliko diski za sahani. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 20 ya SSD hizo zilipata walau kosa moja lisiloweza kurekebishwa katika kipindi cha miaka 4. Kosa la namna hiyo huweza kuangukia picha isiyo na umuhimu, au daftari la wakulima wanaodai malipo ya tumbaku yao.

Joto, umeme na diski iliyozimwa

Kwa upande wa mitikisiko, SSD ina sifa njema. Kwa kuwa haina sehemu inayozunguka, kompyuta mpakato inayosafirishwa kwa barabara kutoka Tabora mjini kwenda Sikonge, Urambo au Kaliua iko salama zaidi ikiwa na SSD kuliko diski ya sahani.

Hatari kubwa ni joto, hasa diski inapokuwa imezimwa. Chaji iliyonaswa katika seli huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji huo. Viwango vya taasisi ya kimataifa ya JEDEC vinataka SSD ya matumizi binafsi iliyokwisha kufikia kiwango chake cha kuandikwa iweze kutunza taarifa kwa mwaka 1 ikiwa imezimwa katika nyuzi joto 30 za Selsiasi. Kwa SSD za seva, kipimo ni miezi 3 katika nyuzi joto 40. Diski mpya hutunza taarifa kwa muda mrefu zaidi ya huo, hivyo hakuna sababu ya taharuki. Lakini mkoani Tabora joto la mchana mwezi Oktoba hupita nyuzi 30, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari huwa na joto zaidi. Diski iliyochakaa, ikifungiwa kabatini humo kuanzia mwisho wa msimu mmoja hadi mwingine, iko hatarini.

Hatari nyingine ni umeme kukatika ghafla. Kidhibiti cha SSD hutunza ramani inayoonesha kila taarifa ilipo. Umeme ukikatika wakati ramani hiyo inaandikwa, taarifa nyingi huweza kutoonekana hata kama seli zake ni nzima. SSD nyingi za seva zina vihifadhi umeme vinavyoipa diski muda wa kumaliza kuandika. SSD nyingi za bei nafuu hazina. Katika majira ya mvua, yanayoanza Novemba hadi Aprili na kuambatana na radi, kifaa cha UPS ni sehemu ya lazima ya kompyuta ya mezani.

Kufuta si kuteketeza

Faili linapofutwa katika SSD, mfumo wa kompyuta hutuma amri iitwayo TRIM inayoiarifu diski kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena. Kwa sababu hiyo, faili lililofutwa kwa makosa mara nyingi haliwezi kuokolewa, tofauti na diski za zamani.

Wakati huohuo, kwa kuwa kidhibiti huhamisha taarifa kutoka seli moja hadi nyingine, kuandika juu ya faili hakuhakikishi kwamba nakala ya awali imetoweka. Ofisi inayouza au kugawa kompyuta iliyotumika inapaswa kutumia amri maalumu ya mtengenezaji ya kufuta diski nzima, au iwe imeisimba diski kwa nywila tangu mwanzo. Jambo hili linagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa taarifa za mgonjwa, mwanafunzi au mkulima hubaki kuwa zake hata kompyuta inapobadilisha mmiliki.

Mambo ya kuzingatia

Ili kunufaika na SSD bila kupoteza kumbukumbu, inashauriwa:

1. Kutunza nakala tatu za kila kumbukumbu muhimu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya nakala hizo iwe nje ya jengo.

2. Kuangalia TBW na miaka ya dhamana kabla ya kununua, na kujihadhari na diski bandia zinazodai ujazo mkubwa kwa bei ndogo mno.

3. Kukagua afya ya diski walau kila robo mwaka kwa programu inayosoma taarifa za SMART, kama vile CrystalDiskInfo.

4. Kuacha sehemu ya diski ikiwa wazi, kwa kuwa diski iliyojaa huandika kwa taabu na kuchakaa haraka.

5. Kuiwasha diski iliyowekwa akiba kila baada ya miezi 3 hadi 6, kuyasoma mafaili yake na kuyanakili upya.

6. Kuhifadhi karatasi zilizosainiwa na kupigwa mhuri hata baada ya kuziingiza katika kompyuta. Kwa ofisi za umma, utunzaji na uteketezaji wa kumbukumbu huongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002.

Funzo kutoka Kwihara

Historia ya njia ya misafara inaonesha kwa nini suala hili si la mafundi pekee. Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ipo nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho, walimokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1872. Stanley alipoondoka kuelekea pwani mwezi Machi mwaka huo, alikuwa amekabidhiwa shajara ya Livingstone ikiwa imefungwa kwa lakiri. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino, akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino alioutengeneza kutokana na mmea.

Maandishi hayo yalififia hadi yakawa hayasomeki kwa macho. Mwaka 2011, miaka 140 baadaye, watafiti waliyasoma tena kwa kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali, kwa kuwa wino ulikuwa umeacha alama kwenye karatasi. Seli ya SSD iliyopoteza chaji yake haiachi alama ya kufuatilia. Kinachoweza kuiokoa kumbukumbu iliyokuwemo ni nakala iliyotunzwa mahali pengine, na nakala hiyo hutengenezwa wakati diski bado ni nzima.