Kugawa Mamlaka ya Kompyuta: Kutoka Buffalo hadi Nakivale

Takriban mwaka 1980, huko Buffalo, Marekani, Bob Coggeshall na Cliff Spencer walitunga programu ya sudo. Kadiri ilivyokua, ilimwezesha msimamizi kukasimu kazi mahususi, kila moja ikiandikwa katika daftari la mfumo, bila kutoa nywila kuu.

Historia hiyo inaihusu Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa 1958 karibu na Mbarara. Katika uhakiki wa 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR zilisajili kidijitali alama za vidole na mboni za macho za wakimbizi nchini Uganda. Karani asiye na uzoefu akipewa mamlaka yote, kosa moja laweza kufuta jina na kuikosesha kaya posho. Akinyimwa yote, foleni itamsubiri fundi kutoka mjini. Sera imkabidhi karani kuhifadhi nakala rudufu na kuwasha upya huduma. Ufutaji wa kumbukumbu ubaki kwa msimamizi.