Nhekwe, Kibuyu cha Ugoro

Washona wa Zimbabwe huuita ugoro bute, na kibuyu cha kuutunzia, nhekwe. Ugoro ni tumbaku iliyokaushwa ikasagwa laini. Wapo wanaounusa kwa starehe tu, lakini kazi yake nzito ni kufungua mazungumzo na vadzimu, mizimu ya wazee wa ukoo.

Mkubwa wa familia huchutama mbele ya chikuva, jukwaa la udongo lililo ndani ya nyumba ya kupikia, mahali pa kupanga vyungu. Humimina ugoro kidogo chini, hupiga makofi taratibu, kisha huwataja marehemu kwa majina. Kila mmoja huombwa amfikishie ujumbe aliyemtangulia, hadi umfikie Mwari, Muumba. Huo ndio uzito wa ibada hii: hakuna anayewaruka wakubwa wake.

Katika bira, mkesha wa ibada unaopigwa ala ya mbira, svikiro, yaani mtu anayepandwa na mzimu, naye hupewa ugoro.

Asili ya tumbaku ni bara la Amerika. Hata hivyo, kabla ya ukoloni, Washangwe wa eneo la Gokwe walikwisha kuwa mabingwa wa kuilima, na tumbaku yao ya Inyoka iliuzwa mbali.