Kutoka Kalewa hadi Chamwino

Jumanne, tarehe 21 Januari 1964, uasi wa jeshi ulifika Tabora. Siku moja kabla, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, walikuwa wamewaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza. Walidai mshahara upande kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi, na wazungu waondoke. Kikosi cha pili, huko Kalewa, Tabora, kikaitikia. Aliyefanikiwa kuwatuliza askari wa Kalewa ni Kapteni Mirisho Sarakikya.

Dai la mshahara linakumbukwa zaidi, lakini lile la maofisa lilikuwa na mizizi mirefu. Jeshi hilo lilirithiwa kutoka King's African Rifles, na njia ya kupata nyota begani ilipita katika vyuo vya kijeshi vya Uingereza, kama Sandhurst. Nafasi zilikuwa za kuhesabika, na waliochuja majina ni Waingereza wenyewe. Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera Kilimanjaro usiku wa Uhuru, alipita huko, Sarakikya vilevile. Sajini mzoefu ambaye hakusoma sana alikuwa na mlango mwembamba.

Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza walishuka Colito na uasi ukazimwa. Siku hiyohiyo Mwalimu Nyerere aliwataka wanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU wajiandikishe katika ofisi za chama, ili kutoka kwao lichipue jeshi jipya. Vikosi viwili vya zamani vikavunjwa. Kwa miezi kadhaa nchi ililindwa na wageni, kwanza Waingereza, kisha askari wa Nigeria, mpaka Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipozaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Sarakikya, ambaye alikuwa bado kijana, ndiye aliyekabidhiwa kuliongoza.

Masomo ya maofisa nayo yaligeuka. Wajerumani wa Magharibi walikuja kusaidia kikosi cha anga, wakaondoka 1965 kwa hasira ya Ujerumani Mashariki kukaribishwa Zanzibar. Wakaja Wakanada, wakakaa miaka mitano, kisha Wachina wakashika zamu. Kijana aliyeteuliwa kwenda kusomea uofisa ng'ambo alipelekwa zaidi na upepo wa siasa za nje kuliko na alama zake darasani.

Kwa kuruta wa kawaida, lango jipya lilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Serikali ilipotaka wasomi nao wapite humo kwa lazima, na baadaye wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Karibu 400 walirudishwa makwao. Sheria haikulegezwa. Kwa miaka mingi mtoto wa waziri na wa mkulima walipiga kwata pamoja, na kambi kama Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma, zikalea vijana na zabibu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1994 fedha zilikwisha na mafunzo ya mujibu wa sheria yakasimama. Vijana wa kujitolea walirudishwa 2001, na wa kidato cha sita 2013, ingawa kambi hazikuweza kuwabeba wote. Katika kipindi hicho JKT iligeuka machoni pa vijana wengi: si wajibu tena, bali foleni ya ajira. Viongozi wa JKT hurudia kwamba kujitolea si ahadi ya kazi, lakini jeshi linapoajiri, cheti cha JKT ndicho kinachoulizwa. Sioni kosa la kijana anayesikia ahadi hapo.

Aprili 2021, huko Chamwino, Dodoma, ambako vijana wa kujitolea walikuwa wamehenyeka kwenye ujenzi wa Ikulu, kundi lao liliandamana kutaka kuonana na Rais. Walisema waliahidiwa kuandikishwa jeshini. Vijana 854 wakafukuzwa, na Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, akatangaza uamuzi huo. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe, wakaruhusiwa kurudi kambini.